Kazi, Ajira na Haki ya Kuulizwa: Tafakuri juu ya Kesi za Lamu

Katika mijadala ya kimaadili ya zama hizi lipo swali moja ambalo aghalabu huulizwa kwa namna inayomfunga mjibuji hata kabla hajafungua kinywa. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kumtaka maskini aikatae kazi kwa ajili ya hewa ya dunia nzima? Anayejibu kwamba ni haki huonekana kuwa mtu aliyeshiba, anayewahubiria wenye njaa fadhila za kufunga. Anayejibu kwamba si haki huonekana ameuza kesho ya watoto wake kwa ujira wa leo. Makala haya yanadai kwamba swali hilo limeundwa vibaya, na kwamba kasoro yake imo katika neno kazi, ambalo limepewa maana finyu na wale wanaouliza. Mfano utakaotumiwa ni wa Lamu. Huko, kati ya mwaka 2012 na 2025, wavuvi na wakazi wengine wa visiwani na bara wamefikisha mbele ya sheria miradi miwili mikubwa: bandari mpya, na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe.

Yafaa kuanza na mtambo. Ulikusudiwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara, karibu na ghuba ya Manda. Ungezalisha megawati 1,050 za umeme na kugharimu takribani dola bilioni 2 za Marekani. Makaa yangeletwa kwanza kwa meli kutoka Afrika Kusini na baadaye, ilitarajiwa, kutoka bonde la Mui katika Kaunti ya Kitui. Maji ya bahari yangevutwa kupoza mitambo, kisha yakarudishwa baharini yakiwa na joto. Mamlaka ya kitaifa ya mazingira ilitoa leseni mwaka 2016. Shirika la wakazi, Save Lamu, pamoja na wenzake watano, likakata rufani, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufani za mazingira likaifuta leseni hiyo. Mwaka 2020 benki kubwa ya Uchina iliyotarajiwa kuukopesha mradi fedha ikajitoa. Mwezi Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Malindi ikaithibitisha hukumu ya jopo.

Ng'ambo, hukumu ya 2019 ilipokewa na wengi kama ushindi wa hali ya hewa. Si kosa kusema hivyo, kwa kuwa miongoni mwa dosari ambazo jopo lilizitaja ni kwamba tathmini ya mradi haikuizingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016. Hata hivyo, sababu iliyobeba uzito mkubwa ni nyingine. Jopo liliona kwamba mikutano iliyofanyika kabla ya utafiti kukamilika ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na kwamba baada ya ripoti kuandikwa wakazi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuielewa na kuijibu. Kwa ufupi, watu hawakuulizwa. Msomaji mwenye haraka ataona kwamba hiyo ni hoja ya makaratasi, ushindi wa wakili hodari dhidi ya karani mzembe, na kwamba hoja ya kweli, ile ya moshi na bahari, iliachwa nje ya mlango. Hapa inadaiwa kinyume. Hoja ya kuulizwa ndiyo kiini cha kimaadili cha kesi nzima, na bila hiyo hoja ya hewa haina nguvu ya kumfunga mtu maskini kwa lolote.

Mwanafunzi wa lugha ataona jambo hilo katika istilahi yenyewe. Neno lililozoeleka katika nyaraka za serikali na za mashirika ni ushirikishwaji wa umma. Likichambuliwa kimofolojia, linadhihirisha zaidi ya lilivyokusudiwa kusema. Mzizi wake ni kushiriki, kitendo ambacho mtu hukifanya mwenyewe. Kiambishi cha usababishi kinamwingiza mtendaji mwingine, anayemfanya mtu ashiriki. Kisha kiambishi cha kutendwa kinamgeuza mshiriki kuwa mtendwa. Mwananchi anayeshirikishwa hutendewa kushiriki kwake. Huitwa, huketishwa, huelezwa, huandikwa jina katika daftari la mahudhurio, na pengine hupewa soda. Neno kuulizwa nalo liko katika kauli ya kutendwa, lakini lina jambo ambalo kushirikishwa hakuna: swali hungoja jibu, na jibu laweza kuwa la. Mkutano ambao hauwezi kuzaa la ni tangazo.

Sasa lirudiwe neno kazi. Ipo methali ya mwambao isemayo kazi mbi si mchezo mwema, na anayetaka kuutetea mtambo hawezi kupata silaha kali kuliko hiyo. Maana yake ya kawaida ni kwamba kazi, hata ikiwa duni, haifananishwi na mchezo, hata ukiwa mzuri. Lakini methali hiyo inalinganisha kazi na mchezo. Hailinganishi kazi na kazi. Ili ifae katika hoja ya mtambo, sharti kwanza mvuvi wa Lamu ahesabiwe kuwa anacheza. Na ndivyo anavyohesabiwa kila inaposemwa kwamba mradi utaleta kazi mahali ambapo hapakuwa na kazi. Julius Nyerere, katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, alikumbusha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kwamba kinyume cha mfanyakazi hakikuwa mwajiri peke yake bali pia mvivu. Ukumbusho huo umesahauliwa kiasi kwamba leo kazi na ajira hutumiwa kana kwamba ni visawe. Si visawe. Ajira lina asili moja na ujira, na yote mawili yametoka katika Kiarabu; ndani ya ajira yumo daima mtu wa pili, yule atoaye malipo. Kazi haimhitaji mtu huyo ili iwe kazi.

Uvuvi wa Lamu, kwa sehemu yake kubwa, haumjui mtu huyo wa pili. Unazijua pepo mbili, kusi na kaskazi. Unaijua mikoko ambamo samaki huzaliana, na mikondo iliyokingwa na visiwa, ambamo mwenye mtumbwi au mashua ndogo huweza kutega na kuvua hata majira ya kusi, bahari kuu inapochafuka. Elimu yake haina cheti. Hurithiwa chomboni, mwana akimtazama baba au mjomba. Tarehe 2 Machi 2012 ujenzi wa bandari mpya ya Lamu ulizinduliwa rasmi, na kazi ya kuchimba na kukitanua kina cha mkondo ikaangukia humo humo ndani ya maji yaliyokingwa. Wakazi walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao za utamaduni, za mazingira safi na za kupata habari zilikiukwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi zinazokaribia bilioni 1.76. Jambo la kuangaliwa sana katika uamuzi huo, kwa mhakiki wa utamaduni, ni kwamba uvuvi haukutazamwa kama kipato tu. Ulitazamwa pia kama urithi, namna ya watu kuwa wao. Mahakama, ambayo kwa kawaida hupenda mali inayopimika, ilikubali kwamba kuna kazi ambayo mtu akiipoteza hupoteza zaidi ya mshahara wake.

Pamoja na hayo, fidia ni neno la kuogopwa. Katika Kiswahili cha kale na cha dini fidia ni kikomboleo, kitu kinachotolewa ili aliyetekwa aachiliwe. Hapa aliyetekwa hakuachiliwa: mkondo ulibaki umechimbwa, na gati la kwanza likafunguliwa mwezi Mei 2021. Baada ya rufani na mazungumzo, pande husika zilikubaliana kwamba sehemu ya malipo iwe fedha taslimu na sehemu iwe vifaa vya uvuvi. Mvuvi wa mikondoni akipewa chombo na zana za bahari kuu, amelipwa kwa kubadilishiwa kazi. Huenda ikawa ni kheri yake; wapo vijana watakaoifurahia bahari kuu. Ila mtu anayebadilishiwa kazi baada ya ile ya kwanza kuharibiwa hayuko huru kama yule aliyeulizwa kabla.

Hoja hii isipoangaliwa itateleza na kuwa utenzi wa kumsifu mvuvi. Fasihi ya Kiswahili ina desturi ndefu ya kumtakasa mtu wa jembe na wa bahari. Shaaban Robert alimtoa Utubora katika ajira ya mjini akampeleka shambani, na wasomaji wa vizazi viwili wakapumua kwa faraja. Lakini uvuvi mdogo ni kazi ya hatari na ya kipato cha kubahatisha, na kijana wa Lamu aliyemaliza shule hana wajibu wa kuipenda kwa sababu tu mhakiki wa Nairobi anaiona nzuri. Tena, wapo wakazi waliouunga mkono mtambo kwa akili zao timamu: wenye mashamba Kwasasi waliongoja malipo ya ardhi, na vijana waliohesabu nafasi za ujenzi. Mtetezi wa mazingira anayesema kwamba hao walidanganywa anawatendea lile lile ambalo waliouleta mradi waliwatendea wenzao, yaani anawasemea.

Hoja yao nzito haikuwa hata ya ajira. Ilikuwa ya usawa. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Takribani asilimia 90 yake hauna moshi. Mchango wa nchi hii katika gesi zinazoipasha dunia joto ni mdogo mno ukilinganishwa na wa Uingereza, Ujerumani au Marekani, ambazo zilijengwa juu ya makaa ya mawe kwa zaidi ya karne moja. Kwa nini basi mlango ufungwe zamu ya Lamu inapofika? Swali hilo halijibiwi kwa kuonyesha picha ya kasa na matumbawe. Hesabu ya dunia peke yake haiwezi kumpa wajibu mtu ambaye hakushiriki katika deni. Aliyekula karamu hawezi kumwambia aliyeingia mwisho kwamba sasa wote, kwa pamoja, wafunge. Ikiwa upo wajibu wa kuiacha njia ya makaa, umwangukie kwanza aliyeitumia, na umwangukie hivyo kwa gharama na si kwa mawaidha.

Ndiyo maana hoja ya kuulizwa inatangulia. Watu wa Lamu hawakuukataa mtambo kwa niaba ya wakazi wa Paris. Waliukataa, wale walioukataa, kwa sababu ya maji yao, mapafu yao, na mji wao wa kale ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Manufaa ya hewa ya dunia yalipatikana humo ndani. Yalipatikana kwa watu kuwa na uwezo wa kusema la kuhusu jambo lao wenyewe, pasipo mtu kuwataka wajitoe mhanga.

Atatokea mwenye kupinga, na pingamizi lake ni zito: kama haki ya kuulizwa ndiyo kiini, itakuwaje kuhusu wasioweza kuulizwa? Joto linaloongezwa leo litawafika watu ambao hawajazaliwa. Hakuna mkutano wa baraza utakaowaita. Mwanafalsafa Hans Jonas, katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1979, aliona kwamba maadili ya kale yalishughulika na walio karibu kwa mahali na wakati, na kwamba uwezo wa mitambo umeyapita. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalikabili jambo hilo katika kifungu cha 42, kinachotaka mazingira yalindwe kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo. Na kifungu cha 70 kinamruhusu mlalamishi kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba mtu yeyote amekwisha kupata hasara. Lakini kwa Lamu wazo hili halihitaji kuagizwa kutoka Ujerumani wala hata kutoka Bunge. Mwambao unayo wakfu. Mwenye nyumba au shamba anapoliweka wakfu, waliopo hula matunda yake, na hakuna kati yao mwenye ruhusa ya kuliuza, kwa sababu wamo wenye haki ambao bado hawajafika. Anayeulizwa kuhusu mali ya wakfu huulizwa kama msimamizi. Jibu lake laweza kuwa kali kuliko ambavyo lingekuwa kama angekuwa anajisemea.

Ushahidi kwamba haki hii inasimama kwa miguu yake, bila kuegemea hoja ya moshi, unapatikana mbali na pwani. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye megawati 310, ni safi kwa kila kipimo cha hewa. Lakini mwezi Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo, ekari 150,000, zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya jamii na utaratibu wa kuiuliza jamii haukufuatwa. Upepo hautoi moshi, ila mfugaji wa Marsabit aliyeamka akakuta malisho yana mwenyewe mpya hakuona tofauti. Anayetaka kuupinga mtambo wa Lamu kwa hoja ya tabianchi peke yake atalazimika kunyamaza Marsabit. Anayeupinga kwa hoja ya kuulizwa anaweza kusema mahali pote pawili kwa sauti ile ile.

Na kuhusu mfanyakazi aliyeajiriwa kweli, yule ambaye mwajiri wake yupo na mshahara wake unaandikwa? Desturi ya vyama vya wafanyakazi nchini, tangu mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, imekuwa kudai malipo, makazi na heshima kazini. Hewa haikuwa miongoni mwa madai, na mpaka leo si rahisi kumsikia kiongozi wa chama akiitaja pasipo kuombwa. Kisa cha Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, kinaonyesha kwa nini utengano huo hauna msingi. Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Mtoto wake mchanga akapatikana na risasi mwilini. (Kiswahili, kwa bahati ambayo mshairi angeikataa kuwa imezidi, kina neno moja kwa madini hayo na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki.) Omido aliiacha kazi na kuanza kuwakusanya majirani, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye akatunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Katika kisa hiki mfanyakazi, mama na jirani ni mtu mmoja. Nani basi angempigia hesabu ya kazi upande huu na hewa upande ule, akamtaka achague?

Fasihi ya mwambao ilikwisha kulijua jambo hili kwa njia zake. Mshairi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyatazama magofu ya Pate, kisiwa kilichomo katika Kaunti ya Lamu ya leo, akayafanya kuwa funzo la nafsi: utajiri hupita, majumba huanguka, moyo na uzinduke. Ni tafakuri tukufu, lakini ina hatari kwa msomaji wa leo. Inaweza kumzoeza kuyaona maangamizi yote kuwa ya ajali, kazi ya wakati, jambo lisilo na aliyelitia saini. Leseni ya 2016 ilikuwa na saini. Karibu zaidi na mahitaji ya sasa ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha masomo ya sheria katika nchi isiyopenda kusikiliza. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kuitafutia nchi mema, na ambao waliporudi waliadhibiwa badala ya kusikizwa. Wahakiki wamezoea kukisoma kitabu hicho kama shtaka dhidi ya ukoloni, na wana haki. Kinasomeka vilevile kama uchunguzi wa serikali inayotuma watu wakatafute majibu kabla ya kuwauliza wananchi swali, kisha ikayaogopa majibu yenyewe. Ripoti ya tathmini iliyoandikwa bila kufikishwa kwa anayehusika ni mjumbe wa saba.

Limebaki jambo moja ambalo waliofurahia hukumu za 2019 na 2025 hawapendi kuligusa. Hukumu hizo hazikumpa kijana yeyote wa Lamu kazi. Hazikukusudiwa kufanya hivyo. Kazi ya jopo ni kufuta au kuthibitisha leseni. Lakini mtu aliyekuwa na swali moja mwaka 2016 analo hilo hilo leo, na bandari iliyofunguliwa haijalimaliza. Ikiwa kuulizwa ni haki, haiwezi kuwa haki ya kuulizwa kuhusu pendekezo moja tu, tena lililoletwa na mwenye fedha: mtambo, au hakuna. Kijana wa Kwasasi aliyetaka mtambo hakuwahi kuulizwa angependa kufanya kazi gani, mahali gani, kwa masharti gani. Aliulizwa, ikiwa aliulizwa, kama yuko upande huu au ule. Na wale waliouzuia mtambo, kwa kuwa wao ni majirani zake na si wageni, ndio wenye nafasi ya kwanza ya kumuuliza.